Alamu ya Gari na Kioo cha Jirani



Wapendwa wangu, juma hili nimekusudia kuwasimulieni jambo la kawaida kabisa, ambalo pengine baadhi yenu mtatabasamu mkilisoma: nimefunga alamu katika gari la parokia. Kama habari hii ingekuwa ya nyaya na betri peke yake, nisingewachukulia muda wenu. Lakini katika kuichagua alamu hiyo na kuifunga, nimegundua kosa ambalo si la mwizi wala la fundi, bali ni langu mimi paroko wenu. Naona haya kuliandika, na ndiyo sababu naliandika.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni Toyota RAV4 ya zamani, iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya jiji letu. Ndiyo inayopeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa, ndiyo inayobeba mchele na sufuria za semina za vijana, na mara mbili imekuwa gari la kumkimbiza mama mjamzito hospitali usiku wa manane. Jioni moja niliitwa kumpaka mafuta mgonjwa katika ghorofa moja ya Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Niliegesha pembeni, nikapanda ngazi, nikakaa juu yapata nusu saa. Niliposhuka, saiti mira ya kushoto haikuwapo. Haikuvunjwa, iling'olewa kwa ustadi, na waya wake umekatwa sawasawa kama uzi wa fundi cherehani.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji maelezo. Mgeni akifika mjini hushangaa kuona namba za usajili zimechorwa juu ya kila kioo na kila taa ya gari, na saiti mira zimepigwa ripiti kama sufuria iliyozibwa tundu. Sisi tumeyazoea. Hayo ni maandishi ya watu walioibiwa mara moja na hawataki kuibiwa mara ya pili. Gari la parokia halikuwa limechorwa namba, kwa kuwa kila mwezi nilisema nitalipeleka mwezi ujao.

Asubuhi iliyofuata, baada ya Misa ya saa 12, nilikwenda Gerezani. Mahali hapo panajulikana kwa vipuri vya magari, na wengi wa wafanyabiashara wake ni watu waaminifu wanaosomesha watoto wao kwa jasho halali. Baadhi yao ni waumini wenzetu. Muuzaji mmoja alinionyesha saiti mira mpya ya shilingi 210,000. Kisha, alipouona uso wangu, akainama chini ya meza na kutoa nyingine iliyotumika, ya shilingi 60,000. Nilimwuliza imetoka wapi. Akanijibu kwa upole, "Baba, mimi nanunua kwa watu. Si mpya, lakini ni nzima." Nilifikiria mfuko wa parokia, nikafikiria paa la ukumbi linalovuja, nikalipa. Sikudai risiti, naye hakunipa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba nimeokoa shilingi 150,000 za waumini.

Hapo ndipo wazee wa Halmashauri ya Walei waliposhauri tufunge alamu. Walinielekeza kwa fundi mmoja wa umeme wa magari hapo Kariakoo, mtu wa makamo, Mwislamu mcha Mungu, ambaye wanamsifu kwa kazi safi na kauli moja. Nilidhani nitakwenda kununua kengele, kama mtu anavyonunua kufuli. Kumbe kuna elimu ndani yake, naye fundi huyo alinifundisha kwa subira kama mwalimu wa katekesimu.

Alinieleza kwamba alamu nyingi zinazouzwa mitaani zinafanana kwa sura: kisanduku cheusi kinachofichwa chini ya dashibodi, king'ora kinachokaa chini ya boneti, kitaa chekundu kinachowakawaka, sensa inayohisi mtikisiko, na rimoti mbili. Tofauti haionekani kwa macho. Rimoti hutuma namba fulani kwa mawimbi ya redio, na kisanduku kikiitambua namba hiyo hufungua milango. Zile za bei ya chini kabisa hutuma namba ileile siku zote, hivyo mtu mwenye kifaa cha kunasia akikaa jirani yako anaweza kuinasa na kuirudia wewe ukiwa umekwisha ondoka. Zilizo bora hubadilisha namba kila unapobonyeza, na namba ya jana haifungui leo. "Baba," aliniambia, "usiulize king'ora kinalia kwa nguvu kiasi gani. Uliza kama namba inabadilika."

Alinieleza pia habari ya kukata umeme wa stata kwa rilei, ili hata mwizi akiingia ndani gari lisiwake. Akataja vifaa vya kufuatilia gari kwa setilaiti, vyenye laini ya simu ndani yake, ambavyo humwonyesha mwenye gari mahali lilipo. Lakini akasema kweli kwamba hivyo vina ada ya kulipia, na kwamba haviokoi saiti mira, maana saiti mira ikiondoka gari lenyewe limebaki palepale. Tukachagua alamu ya kati, yenye namba inayobadilika na ya kukata stata. Halafu akasema neno ambalo wakati ule nililiona la kawaida tu: "Lakini ujue, Baba, alamu haimshiki mwizi. Kazi yake ni kuita watu. Sasa wewe mwenyewe ujue unaita watu gani."

Kazi ilianza saa 4 asubuhi. Kwanza alifungua waya hasi wa betri, kisha akatoa vifuniko vya chini ya usukani. Nilivutiwa na jinsi alivyokataa kukisia. Kila waya aliupima kwa kipimio chake kabla ya kuugusa, akisema rangi za nyaya hudanganya, hasa katika gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi. Nyaya zenye ganda la manjano hakuzisogelea, kwa kuwa katika magari mengi hizo ni za mifuko ya hewa ya kukinga ajali. Hakusokota nyaya na kuzifunga utepe tu. Alizichomelea kwa risasi ndipo akazifunga, akinieleza kuwa kwa joto la Dar es Salaam gundi ya utepe huyeyuka, na baada ya mwaka mmoja gari huanza kuzima lenyewe njiani. King'ora alikielekeza mdomo chini ili maji yasituame ndani, mbali na bomba la moshi. Aliweka fyuzi karibu na betri, na akaficha swichi ndogo ya dharura mahali ambapo mimi na katekista tu tunapajua, ili rimoti ikipotea tusikwame.

Ilipofika adhuhuri aliomba ruhusa akaenda kuswali. Nami nilibaki ndani ya gari lililofumuliwa nyaya, nikasali Masifu yangu huku jasho likinitiririka, na pande zote wachukuzi wakipita na marobota vichwani. Jina la Kariakoo, kama mnavyojua, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hata leo ni mahali pa watu wanaobeba. Kila baada ya dakika mbili mkokoteni uliligusa gari, au mgongo wa mtu, au kona ya boksi.

Fundi aliporudi, alibakiza jambo moja: kurekebisha sensa. Ina skrubu ndogo. Ukiizungusha upande mmoja, gari halilii mpaka lipigwe kwa nguvu. Ukiizungusha upande mwingine, hulia likiguswa tu. Alipiga kioo kwa kiganja, akasikiliza, akarekebisha, akapiga tena. Akashauri tuiache katikati. Mimi nikamwambia aiweke juu kabisa. "Baba, italia hata kwa paka," alisema. Nikamjibu, "Acha ilie. Nimekwisha ibiwa mara moja."

Alitii. Kisha, kama ilivyo desturi ya fundi mwema, akachukua kitambaa akaanza kufuta alama za vidole. Alipofika kwenye saiti mira ya kushoto, alisimama, akapitisha kidole gumba kwenye kona ya kioo. "Baba, hapa pamesagwa," alisema. Nikainama nikatazama. Kwenye kona palikuwa na doa la ukungu, refu kama kidole kidogo, mahali ambapo mtu mwingine aliwahi kuchora namba ya gari lake. Fundi hakuongeza neno. Nami nikamjibu, "Niliinunua Gerezani," kana kwamba jina la mahali ni jibu. Nikalipa, nikaondoka.

Wapendwa, siku tatu alamu ilifanya kazi kama fundi alivyotabiri. Ililia kwa radi, ililia kwa bodaboda, ililia kwa lori la maji. Alfajiri moja ililia katikati ya mageuzo, na wanakwaya wakatazamana. Mchana, katika mitaa ya Kariakoo, haikumshtua mtu, kwa kuwa pale alamu za magari ni sehemu ya kelele za soko, kama vipaza sauti vya wauza dawa za mende. Hakuna anayegeuza shingo.

Jioni ya siku ya nne nilikwenda kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo moja, katika uchochoro nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Giza lilikuwa linaingia, maduka mengi yamefungwa, na mtaa umetulia. Tukiwa katika maombi ya waamini, nikaisikia alamu yangu. Sikuinuka, nilikwisha kuizoea. Kisha nikasikia sauti ya mwanamume ikipaza neno ambalo katika mji huu huzidi kengele zote: "Mwizi!"

Nilishuka ngazi mbio. Watu walikuwa wamekwisha kuwa thelathini au zaidi, na sikujua wametokea wapi. Katikati yao, mgongo wake ukiwa kwenye mlango wa kushoto wa gari letu, alikuwamo kijana ambaye sidhani amefika miaka kumi na sita. Damu ilimtoka juu ya jicho. Kijana mwingine alikuwa ameinua tofali. Nilipenya, nikasimama mbele ya yule mtoto, nikanyosha mikono, na kwa sauti niliyotumia siku hiyo sidhani kama kuna aliyesikia sala yoyote ndani yake. Nilisema tu, "Gari ni langu! Gari ni langu!"

Mzee mmoja, ambaye namheshimu, akaniambia, "Baba, tuachie. Hawa ndio wanaotumaliza kwa saiti mira." Na wengine wakaitikia. Hawakuwa watu wabaya. Baadhi yao walikuwa wametoka kusali nami dakika chache kabla.

Aliyemwokoa kijana yule hakuwa mimi. Alikuwa mama lishe wa kona ile, aliyekuja na mwiko mkononi akipiga kelele kuwashinda wote: "Huyu ni mwokota chupa! Mimi ndiye ninayempa chupa kila jioni! Fungueni gunia lake!" Gunia likafunguliwa, zikamwagika chupa tupu za maji. Alikuwa amepita kati ya gari na ukuta, gunia lake likagusa mlango, na gari nililoliagiza lilie kwa kuguswa tu likalia. Yule mwenye tofali aliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka chombo cha mwenyewe. Watu wakatawanyika bila kuagana.

Nilimchukua kijana hadi zahanati, akashonwa nyuzi tano. Njiani hakusema kitu, ila aliuliza mara moja kama gunia lake limebaki salama.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka neno la fundi, kwamba alamu huita watu. Mimi nilikuwa nimelipa fedha kuwaita watu wenye hasira, nikazungusha skrubu mpaka mwisho ili waje haraka, na sikujiuliza wakifika watafanya nini. Wote tunayajua mauaji haya. Magazeti huyaita kazi ya wananchi wenye hasira kali, na ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiyataja tena na tena. Tumeyasikia kwa muda mrefu hata tunayasoma kama habari za mvua. Hakuna sheria ya nchi yetu inayompa mtu ruhusa ya kumwua mwizi barabarani, na amri ya tano haina kifungu cha saiti mira.

Lakini liko jambo lililoniuma zaidi. Nilishuka uani nikiwa na tochi, nikamulika ile kona ya kioo iliyosagwa. Watu wale walitaka kumwua mtoto kwa kosa la kuiba kioo, kosa ambalo hakulitenda. Na kioo cha wizi kilikuwapo palepale, sentimita chache kutoka kichwani pake. Mwenye kukinunua alikuwa amesimama mbele yake amevaa kola ya upadri. Hakuna aliyeinua tofali juu yangu. Walinipisha njia.

Ndugu zangu, mwizi wa saiti mira hali kioo. Anaiba kwa sababu anajua kabla ya usiku kuisha yuko atakayenunua, na anayenunua kwake ananunua kwa sababu anajua asubuhi nitakuja mimi. Nitauliza imetoka wapi kwa namna ya mtu asiyetaka kujibiwa. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inamtia hatiani mtu anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2412, inafundisha kwamba si mwizi peke yake anayewajibika kurudisha. Hata aliyeagiza, aliyesaidia na aliyepokea kwa kujua anawajibika kwa kadiri ya sehemu yake. Nimewafundisha hayo vijana wa Kipaimara kwa miaka mingi. Bei ya 60,000 badala ya 210,000 ilikuwa sababu tosha ya kuamini. Fundi aliposema pamesagwa, sikuwa tena na pa kujificha. Nilipanyamazia.

Basi nimefanya haya. Nimeing'oa ile saiti mira na kuikabidhi kituo cha polisi pamoja na maelezo yangu ya maandishi, ingawa askari aliyenipokea alinitazama kama mtu aliyeleta kesi yake mwenyewe. Nimemrudia yule muuzaji, si kwa kumtisha, bali kumwambia kwamba mimi na yeye tumefanya kosa moja, alinisikiliza, akanyamaza, akasema, "Baba, usiponunua wewe atanunua mwingine." Sikuwa na jibu zuri, ila kwamba mimi sitanunua. Nimenunua mpya, na risiti yake ya mashine ya EFD imo katika faili la mhasibu wa parokia. Nyongeza ya gharama pamoja na matibabu ya kijana vimetoka mfukoni mwangu, si katika sadaka zenu. Na mimi mwenyewe nimekwenda kupiga magoti kwa padri mwenzangu, maana nasi tunaungama.

Kisha nilirudi kwa fundi. Sikumweleza yote, lakini nadhani alielewa. Alichukua bisibisi, akairudisha skrubu katikati, pale alipopashauri tangu mwanzo. Akapiga kioo kwa kiganja, gari likanyamaza. Akapiga kwa ngumi, likalia. "Sasa inajua tofauti," alisema.

Sisemi msifunge alamu. Bwana wetu mwenyewe alimtumia mwenye nyumba anayekesha kuwa mfano, wala hakumlaumu kwa kulinda kilicho chake. Fungeni, na mfunge kwa fundi anayepima nyaya kabla ya kuzikata. Chagueni yenye namba inayobadilika. Msiiweke juu kabisa. Chorani namba juu ya vioo na taa zenu mapema, msingoje kama nilivyongoja mimi. Mkinunua kipuri kilichotumika, kitazameni kona zake, daini risiti, na bei ikiwa ya ajabu jiulizeni nani aliyelipa tofauti. Na mkisikia mtu akiitwa mwizi, nendeni, lakini nendeni ili afike kituoni akiwa hai.

Kijana yule bado anaokota chupa. Jumamosi iliyopita alipita uani kwetu kuchukua za sherehe ya Ubatizo. Nilimwona akilizunguka gari kwa mbali, upande wa ukuta, gunia amelikumbatia kifuani lisiguse kitu. Nilimwambia apite tu, nimelirekebisha. Akaitikia kwa kichwa, lakini akaendelea kulizunguka kwa mbali. Mwombeeni, na mniombee nami.

Nawatakieni Dominika njema.

Paroko wenu